Gunia Nililolichukua Bila Kuuliza

Vijana wangu wa Migwani, na nyinyi wa Makueni mliokuja juzi kunirekodi na simu zenu, nimekubali. Mliniomba niwaandikie kuhusu kazi yangu ya kugeuza vitu vikuukuu vya nyumbani kuwa mapambo, na mkataka hasa niwaambie mawazo nilikuwa nayatoa wapi. Mawazo! Mawazo yako kila jalala, hata kuku anayaona. Mimi nitawaandikia kuhusu uoga, maana hapo ndipo nyinyi mna upungufu. Nimewaona mkikata mikebe na makasi ya nguo, mkiinamia gundi kama mnanusa pilau, na mmoja wenu, sitamtaja, ameng'ata waya wa redio na meno. Nilirudi nyumbani nikiwa na joto mwili mzima, nikakunywa maji, nikalala.

Jina langu mnalijua. Kwa watu wa soko mimi ni Mama Musyoka. Kibanda changu kilikuwa nyuma ya soko la Migwani, karibu na mashine ya kusaga, na nilikaa pale miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilitengeneza saa za ukutani kwa sahani za zamani za enameli, fremu za vioo kwa spoki za baiskeli, na vyondo, vile vikapu vyetu vya kusuka, vilivyochanganywa na nyaya za shaba. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa picha kubwa za ukutani, zile za kuunganisha kila kitu: milima ya leso, jua la mfuniko wa sufuria, mbuzi wa vifuniko vya soda, na nyuma yake kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa gunia.

Aliyenifundisha ni Susu Nduku. Susu ni nyanya kwa Kikamba, ingawa hakuwa nyanya yangu, alikuwa nyanya wa soko zima. Mama mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Wiki yangu ya kwanza nilimletea televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, iliyotupwa na mwalimu fulani. Nilikuwa nimefurahi sana. Nilitaka kioo chake nikivunje vipande vidogo, nitengenezee mto wa maji unaong'aa kwenye picha. Nikainua nyundo. Ghafla nikashikwa sikio, sikio kweli, nami tayari ni mama wa mtoto.

"Wewe, unataka kutuua?" Susu akaniuliza. "Hicho kioo kimebana pumzi tangu kitoke kiwandani. Ukikigonga, kitakurudishia vyote usoni. Kwani umekiuliza kilikuwa kinafanya kazi gani?"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe huo ndio ulikuwa ufundi wake wote. Kila kitu kilichoingia pale kibandani, Susu alikishika, akakigeuza, akakiuliza kwa sauti: ulifanya kazi gani kabla hujaja kwangu? Wateja walimcheka. Lakini hakuacha. Thermosi ilibeba chai, sawa, lakini ndani ina kioo chembamba kinachoingia kidoleni na hakionekani. Betri ya tochi imevuja, maji yake yanakula ngozi. Betri ya simu ikivimba, usiitoboe hata ukilipwa, iweke mbali na paa la nyasi na umpigie fundi. Sahani ya enameli ukiipiga tindo, inaruka chembe, kwa hivyo vaa miwani na umfukuze kila mtu anayesema "wacha nione". Mfuniko wa sufuria ukimaliza kuukata, upitishe msasa pembeni mara mbili, halafu upitishe na kidole chako mwenyewe kabla mteja hajapitisha chake.

Na msidhani yote yalikuwa ya kutisha. Zamani hatukuwa na hizi bunduki zenu za gundi moto. Tulibandika kwa uji mzito wa unga. Nilimtengenezea bibi harusi mmoja picha ya milima kwa leso za mama yake, akalia kwa furaha kanisani. Baada ya muda akanirudia amekunja uso. "Mama Musyoka, ule mlima wa kushoto umeliwa." Nikaenda kuangalia. Haki ya Mungu, panya walikuwa wamekula unga wote nyuma ya leso na mlima umelala chini sakafuni. Tangu hapo uji wangu niliutia chumvi nyingi na mwarobaini uliotwangwa, na panya wakatafuta kazi nyingine. Leso nazo zichemsheni na chumvi kabla ya kuzikata, la sivyo rangi nyekundu itashuka mpaka kwenye mbuzi.

Haya. Nimezungukazunguka vya kutosha. Hapa ningependa kuruka, lakini niliahidi.

Mnajua jinsi tunavyotengeneza uzi wa kiondo. Mama zenu mmewaona. Unachukua nyuzi, unazilowesha mdomoni, unazichambua kwa meno na midomo mpaka zilainike, halafu unapandisha nguo, unaziweka juu ya paja na kuzisokota kwa kiganja, mbele na nyuma, mpaka zishikane. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo walivyofundishwa waliotufundisha. Uzi wa katani au wa magome ya mti hauna neno, ni uchungu kidogo tu ulimini. Lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kufumua magunia ya juti na kusokota upya nyuzi zake, kwa sababu zina rangi nzuri ya mchanga, na gunia kuukuu lilikuwa halina kazi kwa mtu. Njia ya kusokota sikuibadilisha. Mdomo na paja, vilevile.

Mwaka mmoja kanisa fulani hapa karibu lilikuwa linafungua jengo jipya, na wakataka picha kubwa ya kuweka nyuma ya mimbari, boma la Kikamba na mifugo yake. Mchungaji alikuja kukagua, akawatazama mbuzi wangu, akasafisha koo. "Mama, hawa mbuzi wamevaa vifuniko vya pombe." Nikamwambia mbuzi hawanywi. Hakucheka. Ikabidi niwabandue wote niwageuze, maandishi yatazame nyuma. Kazi hiyo ilinipotezea siku mbili, na ibada ilikuwa Jumapili. Uzi wa nyuma haukutosha. Kwa hivyo nilikuwa na haraka, na haraka ikanifanya nifanye nilichofanya.

Nilipanda kwenda Kyuso siku ya mnada. Kule kulikuwa na mfanyabiashara wa mbuzi aitwaye Adan, mtu wa kaskazini, mpole, ambaye alikuwa akiniwekea magunia yaliyotoboka. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa kwa mifugo. Magunia yangu mawili yalikuwa yamekunjwa vizuri mlangoni kama kawaida. La tatu lilikuwa limetupwa kwenye ua wa miiba, peke yake, limekauka juani. Nikalitazama. Lilikuwa zima kuliko yale mengine. Nilikuwa na mafua, pua imeziba kabisa, sikunusa chochote. Ningeweza kumpigia simu Adan, namba yake nilikuwa nayo. Sikupiga. Nililitoa kwenye miiba mimi mwenyewe, nikalikunja na wenzake, nikaenda zangu.

Nyumbani nilikuwa naishi na mke wa mwanangu, Mwikali. Musyoka mwenyewe alikuwa anafanya kibarua huko Kiboko, anarudi mwisho wa mwezi. Mwikali alikuwa na mimba ya miezi minane. Alinipenda bila kuniogopa, jambo ambalo si la kawaida kwa mkaza mwana na mama mkwe, na aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Mikono yake ilikuwa na kasi ya kusokota kunishinda. Lakini lazima niwaambie na hili: mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na palikuwa na maneno. Mnajua sifa zetu Wakamba, nchi nzima hututania kwa kamuti, uchawi wetu. Wengine huona ni utani wa kuchekesha. Mkaza mwana akipoteza mimba ndani ya boma la mjane kama mimi, utani huo haukuchekeshi. Mama mmoja aliacha kunipa mkono kanisani. Nilikuwa nimeishi na hofu hiyo mwaka mzima, na mimba hii ya pili niliichunga kama yai.

Ijumaa asubuhi nililikung'uta lile gunia uani. Zikaanguka ndengu chache zilizokuwa zimebaki kwenye mikunjo, kuku wakakimbilia. Nikalifumua, nikampa Mwikali nyuzi. Akaketi mlangoni kwenye kivuli, akanyoosha miguu, akapandisha leso, akaanza. Uzi mdomoni, uzi pajani. Mimi nilikuwa ndani nikishona milima. Alikuwa anavumisha wimbo wa kwaya kwa pua kwa sababu mdomo ulikuwa na kazi.

Saa tano hivi nikatoka kumwaga maji. Kuku mmoja alikuwa amelala kwa ubavu, mguu unapiga. Nikasema moyoni, ugonjwa wa kuku umefika na kwetu. Nikaona wa pili karibu na kibaraza, ameshakufa. Wa tatu alikuwa pale pale nilipokung'uta gunia, ute unamtoka mdomoni. Wengine wote waliokuwa upande wa zizi walikuwa wazima, wanachakura. Niliinama nikampapasa yule aliyekufa shingoni. Kifuko chake cha chakula kilikuwa kimejaa ndengu.

Nikawa baridi. Nawaambia ukweli, juani, saa tano, nikawa baridi mpaka meno. Niligeuka nikamwona Mwikali mlangoni, amenyoosha shingo, anachambua uzi kwa midomo. Akanitabasamia nao uzi huo huo mdomoni.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ningetaka kuwaambia nilipiga kelele, na sikupiga. Nilienda nikamtoa uzi mdomoni taratibu. Nikamwambia, "Tupumzike kidogo, mwanangu. Nenda usukutue, unawe na mikono, jua ni kali." Akacheka. "Mwaitu, leo umenihurumia nini?" Akaenda. Alisukutua mara moja tu kwa sababu hakujua anatoa nini. Mimi nikakusanya gunia, nyuzi, mipira yote aliyosokota, na wale kuku, nikavitupa kwenye shimo la taka, nikavitia moto. Moshi wake ulinichoma macho. Nilijiambia: bado hajaugua. Kwa nini nimshtue mwanamke mwenye mimba? Labda ni ndengu peke yake. Labda uzi hauna kitu. Nilijiambia vyote hivyo nikikoroga moto na fimbo, lakini ndani nilikuwa nasikia sauti moja tu: watasema umemuua wa pili.

Haikufika saa saba. Mwikali alikuja akasema kichwa kinamuuma na anaona ukungu. Akatapika. Jasho likaanza kumtoka kama mtu aliyenyeshewa, na mate, Ngai, Mungu wangu, mate yalikuwa yanamiminika bila yeye kuyazuia. Nyama za mapaja yake zilikuwa zinarukaruka zenyewe chini ya ngozi, pale pale aliposokota. Nikapiga mayowe sasa. Jirani yangu Mzee Kilonzo akaja na gari lake, na mke wake Kavata akapanda pia. Kavata ni mtu mzuri, anaomba vizuri, lakini jambo likiingia kwenye sikio la Kavata asubuhi, jioni liko kwenye kila kiti cha kanisa. Na ndiye yule mama aliyeacha kunipa mkono.

Njia nzima Kavata alimshika Mwikali kichwa na kukemea mapepo. Mimi nilishika miguu. Mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga. Nilikuwa naogopa vitu viwili, kwamba Mwikali atakufa na kwamba nitaonekana nimemuua, na nawaambia kwa aibu, kwenye gari lile sikujua ni kipi kinaniogopesha zaidi.

Zahanati tulimkuta daktari kijana, shati limemzidi, lakini mikono yake ilikuwa myepesi. Akampima presha. "Kama ni kifafa cha mimba, presha ingekuwa juu. Haiko juu. Amekula nini?"

"Ugali na sukuma," nikasema. "Tulikula pamoja jana. Leo chai tu."

"Kuna dawa yoyote ameshika? Ya shamba? Ya mifugo?"

"Hapana," nikasema.

Ndiyo. Nilisema hapana. Nawaandikia hilo neno kwa kalamu yangu mwenyewe.

Akamfungua Mwikali macho na tochi. Ile nukta nyeusi ya jicho ilikuwa imekuwa ndogo, karibu haipo. Kifua chake kilikuwa kinakoroma kwa maji. Daktari akasimama, akanitazama mimi, si Kavata wala mzee. "Mama, hapa mbele yangu kuna watu wawili wanakufa. Nikidhani ni mimba na kumbe ni sumu, nitawatibu vibaya wote wawili. Nakuuliza mara ya mwisho. Kuna kitu unajua?"

Kavata alikuwa amesimama karibu yangu, begi amelikumbatia, macho yameniangukia. Chumba kilikuwa kidogo. Nilisikia mate ya Mwikali yakidondoka kwenye karai.

"Ni gunia," nikasema. "Nilimpa uzi wa gunia, amekuwa anautafuna tangu asubuhi. Kuku walikula ndengu zake, wakafa. Nilijua. Nilikuwa nimejua kabla hatujatoka nyumbani."

"Ngai," akasema Kavata, akarudi nyuma hatua moja.

"Gunia liko wapi?" daktari akauliza. "Nataka kujua lilikuwa na nini."

"Nimelichoma."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akasema, "Piga simu kwa aliyekupa. Sasa hivi."

Nikampa Mzee Kilonzo simu, akaitafuta namba na kunipigia. Hata simu ikiita, shetani aliniletea wazo la mwisho: sema Adan ndiye aliyekupa. Wangemwamini nani, muuza mbuzi wa mbali au mama wa kanisa? Adan akapokea, mbuzi wanalia nyuma yake.

"Mama Musyoka! Magunia uliyaona mlangoni?"

"Adan, lile la kwenye miiba. Lilikuwa na nini?"

"Ulichukua lile? Mama, mimi nilitupa lile! Chupa kubwa ya dawa ya kupe ilipasuka ndani, ikamwagika yote. Nilining'iniza kwenye miiba likauke nilichome. Kwa nini hukuuliza?"

"Sikuuliza," nikasema. "Ni mimi. Nililichukua mwenyewe." Na nikampa daktari simu, Adan akamsomea jina la dawa kutoka kwenye kibandiko cha chupa nyingine, herufi moja moja.

Basi mambo yakaanza kwenda mbio. Sindano ya kwanza, ya pili baada ya dakika chache, na mtambo wa kumvuta maji mdomoni. Daktari akapaza sauti: "Mvueni nguo zote, zitupwe nje. Vaeni glavu. Mmwoshe kwa sabuni na maji mengi, hasa mapaja, dawa inapita kwenye ngozi!" Muuguzi alikuwa mmoja na ana kazi. Kavata hakusogea. Nikavaa glavu mimi. Nilimwosha Mwikali mapaja, mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ngozi ilikuwa nyekundu pale kiganja chake kilipopita asubuhi nzima. Nilikuwa nasugua na kulia na kuomba, na bado nyama zilikuwa zinaruka chini ya mkono wangu. Katikati ya hapo nikaona mikono mingine miwili ndani ya karai. Ilikuwa ya Kavata. Hakunitazama. Alikuwa anasugua mguu wa pili.

Hapo nisimame niwaambie ya kazi, maana mtasema bibi ameandika hadithi na hakutufundisha. Usiweke uzi wa kuokota mdomoni. Usiweke. Mama yako alifanya hivyo kwa katani aliyoikata mwenyewe shambani. Wewe unafumua gunia lililozunguka dunia. Lowesha kwenye karai la maji, vaa suruali nzito usokotee juu ya kitambaa. Magunia yote, hata ya mtu unayemwamini, yafue kwa sabuni na kuyaanika, na kama aliyekupa hajui lilibeba nini, liache. Mitungi ya dawa za shamba msiikate maua wala vikombe vya kalamu, hata iwe na rangi nzuri kiasi gani. Na ukikosea, usichome. Usizike wala usifiche. Lifunge kwenye mfuko mwingine, ulibebe kwa daktari pamoja na mgonjwa. Lile gunia ningelibeba, yule kijana asingehitaji kuniuliza mara tatu.

Walimhamishia hospitali kubwa kwa ambulensi, nami nikaruhusiwa kukaa naye. Siku ya pili asubuhi Musyoka alifika kutoka Kiboko. Kavata alikuwa ameshampigia. Aliingia akapita karibu yangu bila salamu, akamshika mke wake mkono, halafu akaenda kusimama dirishani, amenipa mgongo. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye nisingeingia hata chumba kimoja na mimi.

Mwikali alifungua macho saa nne hivi. Midomo ilikuwa imemkauka kwa zile dawa. Nikamlowesha na pamba. Akanitazama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwaitu, ulijua saa ngapi?"

Nilikuwa na nafasi nyingine ya kudanganya. Daktari hakuwepo, Kavata hakuwepo. Ningesema nilijua zahanati, na ingeonekana hivyo.

"Nilijua kuku walipokufa," nikasema. "Ulikuwa bado na uzi mdomoni."

"Ndiyo maana ukaniambia nisukutue."

"Ndiyo."

"Na daktari alikuuliza mara ngapi?"

"Mara tatu. Mara ya pili nilisema hapana."

Musyoka pale dirishani alishika chuma, nikaona mkono wake ukikaza. Mwikali alifumba macho. Nilidhani amelala, au hataki kuniona tena, na nikaanza kusimama niende. Akanishika kiganja. Hakuwa na nguvu, lakini alinivuta mpaka akaniwekea mkono juu ya tumbo lake.

"Hajacheza tangu jana," akasema. "Daktari anasema moyo anausikia, lakini mimi sijamsikia akicheza. Mwambie na yeye. Hivyo hivyo ulivyoniambia mimi."

Nilimtazama nione kama homa ndiyo inaongea. Haikuwa homa. Nikapiga magoti kando ya kitanda, mimi mama mkwe, mbele ya mwanangu, nikauweka uso karibu na lile tumbo. Nikaanza na Kyuso. Nikamwambia mtoto kuhusu miiba, na mafua, na simu ambayo sikuipiga. Nikamwambia kuhusu ndengu na moto. Nikamwambia nilisema hapana kwa sababu niliogopa watu kuliko nilivyoogopa kumpoteza yeye. Sauti ilikatika mara mbili na Mwikali akangoja niendelee. Nikamaliza. Tulikaa hivyo, mkono wangu umelowa jasho juu ya shuka ya hospitali, nikisubiri, na nawaambia sijawahi kuogopa hivyo maishani, wala kabla wala baadaye.

Kisha chini ya kiganja changu akapiga teke. Mara moja, la nguvu.

"Amesikia," akasema Mwikali, macho bado ameyafumba. "Lakini hajasema kama amekusamehe."

Alizaliwa baada ya wiki tano, msichana, mzima, na wakamwita Mwende. Sasa yuko gredi ya tatu. Anakuja kwangu kila Jumamosi, anakula chakula changu, ananifundisha kutumia simu. Anasoma Kiswahili haraka kunishinda, na karatasi hizi, zote isipokuwa hii ya mwisho, nimemwachia mezani kabla ya kuwapa nyinyi. Tangu asubuhi nasikia akifungua kurasa, na sijathubutu kuingia chumba kile.